Kabla Hujanunua Spea za Kompyuta ya Gemu za Zamani

Mtu anayetaka kuunda kompyuta ya kuchezea gemu za miaka ya 1990 mara nyingi huanza kwa kuuliza prosesa ipi ina kasi zaidi. Hilo ni swali la kompyuta mpya. Kwenye mashine ya zamani kasi ikizidi huleta balaa, na vifaa viwili vizima, kila kimoja kikifanya kazi vizuri peke yake, vinaweza kukataana kabisa vikikutanishwa ndani ya kasha moja. Kwa hiyo kabla hujaenda kwa fundi au kuanza kuchakura stoo, andika majina ya gemu unazotaka kucheza na mwaka ambao kila moja ilitoka. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia vifaa.

Prince of Persia, ambayo toleo lake la DOS lilitoka 1990, na Doom ya 1993 ni gemu za DOS. Age of Empires ya 1997, Half-Life na Unreal za 1998 ni za Windows 95 na 98. Quake ya 1996 imekaa katikati, mguu mmoja kwenye DOS na mwingine kwenye Windows. GTA: Vice City, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2003, hucheza vizuri kwenye Windows XP na haina haja ya mashine ninayoizungumzia hapa. Makala haya ni ya mtu ambaye orodha yake inaanzia DOS na kuishia karibu mwaka 2000. Kwa mtu huyo ushauri wangu ni mmoja: tafuta Pentium III ya kati ya megahezi 500 na 1000, kwenye madabodi yenye chipuseti ya Intel 440BX, na uweke Windows 98 SE. Zipo njia nyingine, ila hii ndiyo yenye maudhi machache.

Mbona nisiseme Pentium 4 ya gigahezi 2.4, ambayo hata kuipata ni rahisi zaidi? Kwa sababu gemu nyingi za DOS zilihesabu muda kwa kutegemea kasi ya prosesa yenyewe. Wing Commander ya 1990 ukiiwasha kwenye mashine ya kasi, ndege za adui zinapita kabla hujagusa kitufe. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zinakufa zinapoanza tu, na kuacha maneno "Runtime error 200" kwenye skrini, kwa kuwa prosesa imemaliza hesabu ya majaribio upesi kuliko mwandishi wa programu alivyowahi kufikiria. Hata Windows 95 yenyewe hugoma kuwaka kwenye prosesa ya gigahezi 2.1 na kuendelea mpaka uitie kiraka. Pentium III nayo ina kasi kupita gemu za 1990, lakini ina dawa: ingia kwenye BIOS, zima kashe za prosesa, na mashine inashuka mpaka kasi ya enzi za 386 au 486. Ukimaliza kucheza, unaziwasha tena.

Tuje kwenye madabodi, kwa sababu ndiyo yenye kauli ya mwisho. Prosesa, RAM, kadi ya picha na kadi ya sauti zote huchaguliwa kwa kuifuata hiyo. Usimsikilize muuzaji anayekwambia "hii ni Pentium III" akaishia hapo. Fungua kasha, chukua tochi, uangalie mambo mawili. La kwanza ni slotu. Ndefu nyeusi ni ISA, nyeupe ni PCI, na ile moja ya kahawia iliyorudi ndani kidogo ni AGP. Unataka bodi yenye aina zote tatu, hata kama ISA ni moja tu. La pili ni chipu kubwa iliyo kati ya prosesa na RAM. Ikiwa na kipoozeo juu yake, huenda ukalazimika kukiondoa taratibu. Ikiwa imeandikwa FW82443BX, umeipata 440BX. Chipuseti hiyo ya 1998 ilitengenezwa kwa basi ya megahezi 100, inabeba AGP 2x, na inaelewana na karibu kila kadi ya zama zake. Chipuseti za VIA za wakati huo si mbaya, lakini zinadai draiva zake ziwekwe kwanza, na nyingine zina mikosi yake nitakayoigusia mbele.

Kuhusu prosesa sitakaa sana. Pentium III za mwanzo zilikuja kama katriji ya plastiki inayosimama wima kwenye Slot 1. Za baadaye ni bapa, zenye pini 370. Mtego uko kwenye hizi za pili. Celeron za mwanzo za pini 370, Pentium III za kizazi cha Coppermine na zile za Tualatin zote huingia kwenye soketi ileile ya 370, tundu kwa tundu, lakini umeme wake haufanani. Tualatin ukiichomeka kwenye bodi ya kawaida ya 440BX haitawaka. Bodi ilitoka na prosesa fulani na inawaka nayo? Iache hapohapo. Tofauti ya megahezi 600 na 800 hutaiona kwenye Age of Empires.

RAM ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu kosa lake halionekani kama kosa. Kinachotakiwa ni SDRAM ya PC100 au PC133, ile yenye migusano 168 na mapengo mawili chini. Sasa umeokota kijiti cha MB 256, umekichomeka kwenye 440BX, na BIOS inahesabu MB 128 tu. Wengine hapo husema kijiti kimekufa nusu. Hesabu chipu zake. Kikiwa na chipu nane pekee, kila moja imebeba data nyingi kuliko 440BX inavyoweza kusoma, hivyo bodi inaona nusu yake au haiwaki kabisa. Kijiti cha MB 256 kinachofaa bodi hii kina chipu 16, nane kila upande. Vijiti vya MB 128 huwa havina usumbufu huo, na viwili vya namna hiyo vinakupa MB 256, ambazo kwa Windows 98 ni shibe.

Na usiongeze kwa tamaa. Windows 98 ikipewa zaidi ya MB 512 huanza kulalamika kwamba haina kumbukumbu ya kutosha kuwaka, ujumbe wa ajabu kabisa kwa mashine iliyojazwa RAM. Sababu ni kwamba kashe yake ya faili hukua kufuatana na RAM iliyopo mpaka inakula anwani ambazo mfumo wenyewe unazihitaji. Inatibika kwa kuweka kikomo cha MaxFileCache kwenye faili ya system.ini, chini ya kichwa cha [vcache]. Lakini ya nini kutafuta ugonjwa ili uutibu?

Sasa kadi ya picha, na hapa tafadhali soma kabla hujachomeka kitu. AGP ina volti zaidi ya moja. Kadi za 1x na 2x zilifanya kazi kwa volti 3.3, za 4x kwa volti 1.5, na za 8x zikashusha ishara zake mpaka 0.8. Ili watu wasiunguze vitu, slotu iliwekewa kizuizi na kadi ikakatwa pengo la kupitisha kizuizi hicho. Ishike kadi mkononi, migusano ya dhahabu ikiangalia chini. Pengo likiwa upande wa karibu na bati la kufungia skrubu, hiyo ni kadi ya volti 3.3. Likiwa upande wa mbali na bati, ni ya 1.5. Yakiwa yote mawili, inakubali zote. Bodi ya 440BX ni ya volti 3.3, kwa hiyo unatafuta kadi yenye pengo la karibu na bati, au yenye mapengo yote mawili. Bodi nyingi za Pentium 4, kama zenye chipuseti ya Intel 845, zinakubali 1.5 tu.

Tatizo ni kwamba kuna kadi zilizotoka kiwandani na mapengo yanayodanganya: zimekatwa kama za volti zote ilhali chipu yake inataka 3.3 peke yake. Kadi ya namna hiyo ikiingia kwenye bodi ya 1.5 inaweza kuua chipuseti papo hapo, na chipuseti haibadilishwi mtaani. Kwa hiyo pengo likikuruhusu, bado soma jina la chipu ya kadi na utafute volti zake. Tena usilazimishe. Kadi inayogoma kuingia ina sababu yake, na mtu anayechukua tupa akachonga pengo jipya anajinunulia moshi.

Kadi ipi basi? Ukitaka mambo yaishe upesi, Riva TNT2 au GeForce2 MX inakutosha kwa karibu kila gemu ya mpaka mwaka 2000. Zinapatikana, zina draiva nzuri za Windows 98, na picha zake za DOS hazina kasoro za kukera. Wapenzi wa mashine hizi watakwambia bila kadi ya 3dfx hujacheza. Wana hoja, lakini si kwa kila gemu. 3dfx walikuwa na lugha yao ya kuchorea picha, Glide, na gemu kama Unreal na Need for Speed II SE zinaonekana vizuri kupitia hiyo kuliko njia nyingine za wakati ule. Kadi yao ya Voodoo3 ya 1999 inafaa sana kwenye 440BX, maana ni kadi ya volti 3.3. Voodoo2 ya 1998 ni ya PCI na haifanyi kazi peke yake: inachora picha za 3D tu, hivyo lazima iwepo kadi nyingine ya kawaida, na waya mfupi wa nje utoke kwenye kadi hiyo uingie kwenye Voodoo2 ndipo uende kwenye monita. Muuzaji akikupa Voodoo2 bila waya huo, punguza bei. Kampuni ya 3dfx iliuza mali zake kwa NVIDIA mwishoni mwa 2000, na tangu hapo kadi hizi zimekuwa vitu vya wakusanyaji. Bei yake haina uhusiano na kazi yake. Mimi nisingeanza na Voodoo. Ningeanza na TNT2, nicheze, kisha nione kama kweli kuna gemu kwenye orodha yangu inayoidai Glide.

Kasi ya juu zaidi pia ina mwisho wake. Draiva rasmi ya mwisho ya NVIDIA kwa Windows 98 ni toleo 81.98 la mwaka 2005, na kadi zilizokuja baada ya kizazi cha GeForce 6 na 7 hazina njia ya halali kwenye mfumo huo. Kuiweka GeForce 6 nyuma ya Pentium III ni kupoteza pesa vilevile.

Kwenye sauti ndipo ile slotu nyeusi ya ISA inapolipa. Windows ina draiva moja ya sauti ambayo gemu zote huitumia. DOS haina. Kila gemu ya DOS ilikuja na maarifa yake ya kuongea na kadi moja kwa moja, na kadi iliyokuwa ikitegemewa ni Sound Blaster ya Creative, kampuni ya Singapore. Gemu inagonga mlango namba 220, inasubiri ishara ya IRQ 5 au 7, na inapitisha sauti kwenye njia ya DMA namba 1. Kadi za PCI hazina njia ile ya DMA ya ISA. Nyingi huigiza kwa programu ndogo inayokaa kwenye kumbukumbu, ambayo hula nafasi ambayo gemu inaihitaji na mara nyingine huishia kutoa ukimya. Kadi chache za PCI, kama zenye chipu za Yamaha YMF724 na 744, huigiza vizuri zaidi, hasa bodi ikiwa na kiunganishi kidogo cha SB-Link, lakini hiyo ni njia ya asiye na ISA.

Kwa hiyo tafuta Sound Blaster 16 ya ISA. Ukiiona chipu ya Yamaha iliyoandikwa YMF262 kwenye kadi, ichukue. Ndiyo inayotoa ile miziki ya Doom. AWE64 ya 1996 ni safi, haina kelele za chini chini, ila imebadilisha chipu hiyo kwa mwigo wa Creative wenyewe, na sikio lililozoea litajua. Baada ya kuichomeka, ingia BIOS kwenye ukurasa wa PnP na PCI, uhifadhi IRQ 5 na DMA 1 kwa ajili ya ISA, la sivyo kadi ya mtandao au USB itaijia IRQ hiyo na gemu itakwama kwenye sauti ya kwanza. IRQ 7 huwa ya poti ya printa, ndiyo maana 5 ni salama zaidi. Kisha kwenye autoexec.bat weka mstari huu:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6

Gemu nyingi husoma mstari huo na kujipanga zenyewe. Namba zake lazima zilingane na zile kadi inazotumia kweli. Mstari wenyewe haubadilishi chochote kwenye kadi.

Nafasi ikiwepo, weka na kadi ya pili ya PCI kwa ajili ya Windows, mfano Sound Blaster Live! ya 1998, yenye EAX, teknolojia ya sauti za mazingira. Hapa ndipo mkosi wa VIA niliouahidi. Bodi zenye chipu ya VIA 686B zilijulikana mwaka 2001 kwa kuharibu data wakati wa kuhamisha faili kubwa, na Sound Blaster Live! ikiwemo ndani ndiyo iliyokuwa ikilichochea tatizo hilo zaidi. Viraka vilitoka, lakini kwa kuwa bado unachagua, usizikutanishe.

Halafu kuna kiwaya chembamba ambacho karibu kila mtu hukisahau: kile cha pini nne kutoka nyuma ya kisoma CD kwenda kwenye kadi ya sauti. Muziki wa Quake umerekodiwa kwenye CD yenyewe kama nyimbo za kawaida, na kwenye DOS unafika kwenye spika kupitia kiwaya hicho. Gemu ikitoa milio ya bunduki bila muziki, usibadilishe kadi. Tafuta waya.

Hadidiski za IDE za zama zile zimechoka, na nyingi zinalia kama mashine ya kusaga. Mbadala mzuri ni kadi ya CompactFlash kwenye adapta ya IDE. Kadi hizo zinazungumza IDE kiasili, hivyo adapta ni vipande vya waya tu na bei yake ni ndogo. Ila angalia ukubwa. BIOS nyingi za 1998 na 1999 hukwama zikikuta diski inayozidi takriban GB 32, na Windows 98 yenyewe haijui kuhesabu kupita GB 137. Ukiiwekea diski kubwa zaidi ya hapo haitakuonya. Siku data inapovuka mpaka, inarudi kuandika juu ya mwanzo wa diski na kufuta mfumo. GB 16 zinabeba gemu za orodha yako zote na nafasi ikabaki.

Umeme. Mashine nyingi za mtumba zina pawasaplai yenye swichi nyekundu nyuma, iliyoandikwa 115 na 230. Iliyotoka Marekani mara nyingi imesimama kwenye 115. Ichomeke hivyo kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, utasikia mlio na kunusa harufu, na jioni yako imeisha. Sogeza swichi kwa bisibisi kabla ya waya kugusa ukuta, hata kama aliyekuuzia ameapa kwamba aliijaribu. Ukibadilisha pawasaplai, soma kibandiko chake: mashine hizi hula sana volti 5, wakati pawasaplai mpya zimeelekeza nguvu zake kwenye volti 12. Kwa Pentium III tafuta yenye ampea 20 kwenye mstari wa volti 5. Na ikiwa mashine yako ni Dell ya mwishoni mwa miaka ya 1990, usiichomeke pawasaplai ya kawaida ya ATX hata kama plagi inaingia bila shida. Plagi ni ya umbo lile lile, nyaya zimepangwa vingine, na bodi itaungua.

Ukiwa umefungua kasha, pitisha jicho kwenye kepasita. Zile zilizovimba kichwani au kuvuja kitu cha kahawia zimekwisha, na bodi za kuanzia 1999 hivi mpaka katikati ya miaka ya 2000 zina sifa mbaya kwa hilo. Mashine zilizokaa Pwani nazo huja na kutu kwenye migusano. Futio la penseli kwenye migusano ya RAM na kadi limefufua bodi nyingi zilizosemekana zimekufa. Betri ya CR2032 badilisha tu, bila kuuliza.

Usiwashe kila kitu kwa pamoja. Anza na bodi, prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha RAM na kadi ya picha, basi. Ikiwaka na kuonyesha picha, zima, chomoa waya ukutani, ongeza kifaa kimoja, washa tena. Kwenye BIOS za Award mlio mmoja mrefu na mifupi miwili maana yake kadi ya picha haijakaa au haifai. Fundi anayechomeka vifaa saba kisha anatafuta kilichokataa atakulipisha siku nzima.

Monita ya kioo cha zamani, ile ya mgongo, ndiyo bora kwa gemu za DOS, kwa sababu zilichorwa kwa umbo la 4:3 na zinapiga picha mara 70 kwa sekunde. Monita bapa ya 4:3 yenye poti ya VGA inakaribia. Ya upana wa kisasa itawanenepesha wahusika wote.

Jambo la mwisho ni draiva. Nyingi za vifaa hivi haziko tena kwa waliozitengeneza, na diski zilizokuja ndani ya boksi ndizo nakala zinazopotea kwanza. Kila unapopata draiva inayofanya kazi kwenye kadi yako, iandikie jina la kadi na namba ya toleo, uinakili sehemu mbili tofauti, na ukikutana na mwingine mwenye kadi kama hiyo, mpe.